Namna Thelathini na Mbili za Kufa

Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya pazia,
ukumbi wa parokia, Nyakahoja,
karatasi mapajani, tochi ya betri mbili,
nikimnong'oneza Nyanzobe maneno akisahau.
Hakusahau mara nyingi.
Alikuwa akinyamaza kwa makusudi,
nami, mjinga, narusha neno
linaelea ukumbini halina mwenyewe.
"Umenikata," aliniambia, akifuta wanja kwa mafuta ya nazi.
"Pale nilikuwa nasema."

Halafu zikaja filamu.
Siku nne, nyumba ya kuazima Capri Point,
sofa bado zina nailoni,
na yeye siku zote mama mkwe:
kusonya, kumwagia mtu uji, kutia sumu kwenye sato.
Soko la Mlango Mmoja, muuza nyanya alimkatalia.
"Kwa mikono ile? Nenda kwingine."
Akarudi na kikapu kitupu, mbavu hana kwa kicheko:
hiyo, alisema, ndiyo tuzo pekee
niliyowahi kupewa ana kwa ana.
Malipo yenyewe yalikuwa nauli, soda, na kesho.

Sauti ilikuja mwisho, meno mawili yameshang'oka.
Chumba Nyegezi, magodoro yameegemezwa ukutani,
feni imezimwa, jasho mpaka kwenye nyusi.
Tunasubiri bodaboda ipite. Tunasubiri adhana iishe.
Tunasubiri korongo juu ya bati
amalize doria yake ya askari mlevi.
Na kwenye simu, kutoka Ghent, Bibi Lieve,
Mbelgiji, mwigizaji naye,
jukwaa, kisha picha, kisha hii.
"Kama wewe," alisema, kwa Kiswahili alichookota Bukavu.
"Sasa wananitaka koo tu."

Orodha niliishika mimi. Kumbe kazi ni ile ile.
*Mshale: ndogo, ya kati, kubwa.*
*Kuanguka mnarani: sekunde tatu.*
*Kuungua: endelea hadi tukwambie.*
Namna thelathini na mbili za kufa,
na Nyanzobe, amevua viatu,
alizifuata moja moja kama mtu anayechambua mchele,
akafika ishirini na saba.

*Kuzama: kelele, mapovu, kuita msaada.*

Nilimwekea kikombe cha maji ya kusukutulia.
Hakukigusa.
Taa nyekundu ikawaka.
Akafungua mdomo

na hakuna kilichotoka.
Sekunde sita, saba,
shingo imenyooka, macho hayamo chumbani,
na nilijua yako wapi:
mtumbwi wa Kome, mdogo wake Sitta,
yeye ufukweni anasugua sufuria kwa mchanga,
mita arobaini, hazizidi,
na hakusikia chochote.
Aliinua kichwa maji yameshajifunga.

Nilikuwa na neno mdomoni, tayari.
Nikalimeza.
Miaka ishirini nimechelewa, lakini nikalimeza.

Ghent nako kimya. Tukadhani bando limekwisha.
Kisha, taratibu: "Imeingia. Twende ishirini na nane."

Siku hizi nina kibanda Mabatini,
runinga mbili, mia tano kwa nusu saa.
Watoto wanamuua Nyanzobe kutwa nzima
huku wakila karanga.
Mwenyewe yuko Magu, na viazi vyake, na magoti yake;
hajawahi kuuona mchezo wenyewe,
akipiga simu anauliza kama bado anakufa vizuri.

Jana kijana mwenye shati la shule
alimtumbukiza ziwani,
ziwa la bandia, buluu kupita kiasi, halina hata gugumaji.
Sauti ikakata.
Akaipiga spika kofi. "Braza, hii mbovu."
Akaipiga tena.

Nikanyanyuka, nikajifanya nakagua waya.